Ngeli za Wanahedifoni: Uchunguzi wa Awali

Wadudu wamepangwa kwa miguu, mawingu kwa umbo, na samaki wa soko la Feri kwa mafungu na bei. Wanahedifoni, kundi linaloongezeka kila mwisho wa mwezi, hawajawahi kupangwa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma, bila msaada wa chuo chochote na bila ruhusa ya wahusika.

Kwanza tukubaliane anachunguzwa nani. Panda daladala la Mbagala saa moja asubuhi: nusu ya abiria wana kitu sikioni. Mmoja anasikiliza mahubiri, mwingine singeli, mwingine hasikilizi chochote, kazivaa tu ili asisemeshwe. Hao si wanahedifoni. Waya ukikatika watanunua nyingine kwa machinga hapo hapo kwenye foleni, na chapa hawataiulizia. Mwanahedifoni ni yule ambaye akishapata hedifoni nzuri, akazisifia, akaapa kwamba hizi ndizo za mwisho maishani mwake, jioni ya siku hiyo hiyo anaanza kusoma habari za nyingine. Kiapo cha "hizi ndizo za mwisho" utakisikia Dar es Salaam, Nairobi, Berlin na Tokyo, na kote huko hakuna mwenye nyumba anayekiamini tena.

Kifaa chenyewe kilianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah, Marekani, alilipelekea jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizozitengeneza jikoni kwake. Jeshi likazijaribu, likazipenda, likataka nyingi. Baldwin akajibu kwamba kwa mkupuo mmoja anaweza kutoa kumi tu, maana karakana ndiyo hilo jiko. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akapeleka kwenye maonyesho gramafoni ya kubebeka, na pembeni yake hedifoni za stirio kama nyongeza. Watu wakaipita gramafoni, wakaigombania nyongeza. Mwaka 1979 ikaja Walkman ya Sony, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa na matundu mawili ya pini, kwa sababu Akio Morita, mkuu wa kampuni, aliona si adabu mtu kusikiliza muziki peke yake. Baadaye tundu likabaki moja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo hobi ilipozaliwa. Msikilizaji alibaki na masikio yake tu, hana mwenzake wa kumwambia "wimbo mzuri huu", akaanza kutafuta kasoro.

Wako waliojaribu kuwapanga watu hawa kwa bei ya vifaa vyao. Jaribio hilo lilikufa mwaka 2017, pale Jeroen Breebaart alipochapisha uchambuzi wa hedifoni 283 na kukuta kwamba bei na mgawanyo wa sauti, yaani kiasi gani cha besi, cha kati na cha juu kinachofika sikioni, havina uhusiano. Wako waliojaribu kwa umbo: zilizofungwa mgongoni na zilizo wazi, za kufunika sikio lote na za kuzama ndani. Umbo nalo linadanganya, na kila aliyesoma sarufi kidato cha kwanza anajua kwa nini. Zamani ngeli zilipangwa kwa kiambishi cha mwanzo, ikawa kiziwi anakaa darasa moja na kiti na kisu. Wataalamu wakaja wakasema tuangalie upatanisho: kiziwi anakuja, viziwi wanakuja, basi huyo ni wa A-WA, aondolewe kwenye samani.

Nami nafuata njia hiyo. Usitazame mwanahedifoni amevaa nini. Mpe hedifoni asizozijua, nyamaza, subiri swali lake la kwanza. Swali hilo ndilo ngeli yake.

Tuanze na A-WA, ngeli ya viumbe hai. Swali lake la kwanza ni: "Zimeshapigwa saa ngapi?" Kwa mtu huyu hedifoni mpya ni mtoto mchanga, sauti yake ya leo isikuhuzunishe, zikikomaa zitasema. Anaziunganisha na simu ya zamani, anaweka mvumo usio na tuni, anazifunga kwenye taulo na kuzifungia kabatini zilie usiku kucha, saa mia, wengine saa mia mbili. Mwenzi wake wa ndoa anaamka saa nane za usiku akidhani mvua inanyesha ndani ya kabati. Asubuhi mtaalamu anazitoa, anazivaa, anafumba macho na kutangaza kwamba besi imefunguka. Waliopima kabla na baada wamekuta mabadiliko madogo mno, mara nyingi madogo kuliko yale unayopata ukizisogeza hedifoni kichwani nusu sentimita. Kinachokomaa ni ubongo wa mvaaji, ambao huzoea sauti yoyote ukipewa muda. Lakini usimwambie. Anayemwambia mzazi kwamba mtoto hakukua, mwenye kukua ni mzazi, hakaribishwi chai.

U-I ni ngeli fupi: mto, mito, mkopo, mikopo, mshahara, ambao kwa kawaida hauna wingi. Hawa huuliza: "Mito yake inabadilishika?" Wana hoja, lazima nikiri. Mto wa hedifoni ukibonyea, sikio linasogelea utando unaotoa sauti, hewa inavuja mahali papya, na sauti inabadilika kweli, tena kwa kiasi kinachopimika. Basi wao hununua mito ya ngozi, ya kitambaa cha mahameli, yenye matundu, isiyo na matundu, mpaka gharama ya mito inaizidi hedifoni yenyewe.

Sasa LI-YA. Hii ndiyo ngeli ya ukubwa, ngeli ambayo ngoma ikiingia inatoka goma, na kidude kinatoka jidude. Swali lake: "Zinapiga?" Halina maelezo zaidi na halihitaji. Wa LI-YA amekulia jirani na sabufa. Kipimo chake cha ubora ni kama kioo cha dirisha kimetetemeka. Kwa kuwa hedifoni haina dirisha, anatumia fuvu lake. Utamkuta Kariakoo amesimama mbele ya meza ya muuzaji, hedifoni kubwa nyekundu kichwani, kidole kimebonyeza cha kuongeza sauti mpaka mwisho, anatikisa kichwa mara tatu, anatoa hela. Manunuzi yamechukua muda mfupi kuliko kukaanga yai.

Ngeli nyingine zote zinamdharau, na hapa mtafiti hana budi kumtetea. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman waliwakalisha watu wa kila aina, wataalamu na wasio wataalamu, wasikilize hedifoni bila kujua ni zipi, kisha waseme ni sauti ipi wanayoipenda. Wengi walipenda sauti inayofanana, na sauti hiyo ilikuwa na besi iliyoinuliwa. Si kwa kiwango cha kutetemesha fuvu, lakini imeinuliwa. Kwa hiyo yule kijana wa Kariakoo alikuwa ametangulia sayansi, akapitiliza kidogo tu. Kosa lake liko kwenye kitufe cha sauti. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ndiyo posho ya mtu mzima, na kila desibeli tatu unazoongeza zinakata posho hiyo nusu. Yeye huimaliza ya wiki kati ya Gerezani na Kimara.

KI-VI wanauliza: "Una vingine?" Ni wakusanyaji. Mwanzoni walinunua iyafoni moja ya Kichina ya dola 20, ikawashangaza kwa uzuri, na kweli zinashangaza. Kampuni kama KZ na Moondrop zimefanya sauti nzuri iwe kitu cha bei ya viatu vya mtumba. Tatizo la kitu cha dola 20 ni kwamba hakiulizwi maswali. Mkusanyaji akanunua cha pili ili alinganishe na cha kwanza, cha tatu ili kiwe mwamuzi, na cha nne kwa sababu kilikuwa cha bluu. Vikifika ishirini ni dola 400, fedha ambazo mara nyingi zimetosha kununua hedifoni mpya za kampuni ya Sennheiser, modeli ya HD 600. Ukimwonyesha hesabu hiyo anakubaliana nawe kabisa, halafu anaagiza cha ishirini na moja. Mizigo yake huja kwa anwani ya kazini. Juu ya kabati la chumbani kuna vikasha vitupu vimepangwa kama vya duka la dawa, na marufuku kuvitupa, kwani siku atakapoviuza vitahitaji vikasha vyake. Hajawahi kuuza. Vilevile ana mfuko wa vimpira vya kuvisha ncha za iyafoni, vidogo, vya kati na vikubwa, mamia, na katika hivyo anavaa jozi moja.

Kutoka hapo tunaingia I-ZI, ngeli inayopokea maneno ya kigeni bila viza: grafu, data, desibeli, amplifaya, ikwalaiza. Swali lake: "Grafu yake ikoje?" Wa I-ZI hazivai hedifoni kabla hajaiona grafu, na akishaiona hana haja tena ya kuzivaa. Anajua kwamba kuna masikio ya bandia, yana tundu na ndewe za mpira, ambayo hedifoni huvishwa na kupimwa maabara; masikio hayo anayaamini kuliko yake. Kwa haki, ndiye anayewaokoa wenzake pesa nyingi. Ndiye aliyewaambia kwamba kile kipande cha waya cha Apple cha dola 9, kilichokuja baada ya iPhone kunyang'anywa tundu la pini mwaka 2016, kikipimwa kinatoa sauti safi kuliko mashine kadhaa za mamia ya dola. Habari hiyo ilileta msiba mkubwa kwenye hobi. Watu walikaa matanga.

Ndiye pia anayeeleza kwamba CD, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, inabeba sauti zote hadi kupita herzi 20,000, ambako sikio la binadamu linaishia. Kwamba mafaili yenye vipimo 192,000 kwa sekunde yana nafasi ya sauti ambazo zingemfaa popo. Na anaeleza lile jambo ambalo hobi nzima hulipita kimya kimya: herzi za juu ndizo za kwanza kutuaga. Kijana wa miaka kumi na minane anasikia karibu zote lakini hana hela. Akifika miaka hamsini, nyumba imekamilika, watoto wamemaliza shule, hela ya hedifoni za kifahari imepatikana, na herzi 15,000 zimeshaondoka zamani bila kuaga. Sennheiser walitengeneza mtambo uitwao HE 1, hedifoni na amplifaya yake iliyochongwa ndani ya marumaru ya Carrara, wakauuza kwa zaidi ya dola 50,000. Sijui wateja wake ni kina nani, ila siamini kwamba wana miaka kumi na minane.

Ngeli ya U, ya dhahania, ndiyo iliyonichosha zaidi, na ndiyo yenye watu wenye maneno matamu kuliko wote. Utamu, ulaini, ukavu, uangavu: haviguswi, havihesabiki, havina wingi. Swali lake la kwanza huwa si swali bali ni tamko lenye alama ya kuuliza mwishoni: "Hizi zina joto kidogo katikati, sivyo?" Wa U ndiye mwandishi wa tathmini. Nimemsikia mmoja, kahawa mkononi, akisema juu ya iyafoni zisizofika uzito wa kiberiti kwamba zina nyama katikati, hewa juu, na kwamba besi yake inaingia chumbani kwa heshima. Mwenzake aliyeazima iyafoni hizo hizo kwa wiki moja akasema ni kavu na zinapiga kelele. Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Hawakugundua, na mimi sikuwaambia, kwamba mmoja alikuwa amezivaa na kimpira kikubwa na mwingine kidogo. Iyafoni isipoziba tundu la sikio sawasawa, besi yote inatokea mlangoni.

Istilahi yao mashuhuri kuliko zote ni pazia. Kwa miaka mingi HD 600 ya mwaka 1997 na mdogo wake HD 650 wa mwaka 2003 wamelaumiwa kuwa na pazia, yaani muziki umesimama upande wa pili wa kitambaa. Ajabu ni kwamba sauti ya kati ya HD 600 hutajwa kila mara kama kielelezo cha ukweli, na bado zinauzwa karibu miaka 30 baadaye, katika biashara ambayo modeli nyingi hazifiki hata umri wa kuanza darasa la kwanza. Mtu anayetoka kwenye hedifoni zinazong'arisha herzi za juu atakuta zile za wastani zimefunikwa. Akikaa nazo wiki, pazia linaondoka lenyewe. Hapa U na A-WA wangekutana wangeelewana, ila hawasalimiani.

Tabia nyingine ya U inayostahili kuandikwa ni kwamba muziki anaousikiliza sio ule anaoupenda. Ana nyimbo za majaribio. Eagles walirekodi upya wimbo wao maarufu wa hoteli mbele ya watu mwaka 1994, na pale mwanzoni ngoma inapoingia, wanahedifoni wa dunia nzima wameisikiliza ile ngoma kuliko aliyeipiga. Sekunde arobaini, simamisha, badilisha hedifoni, rudia. Beti zenyewe hawazijui. Nimemwona mwenzetu anayempenda Mzee Yusuf wa taarabu hadi kufa akijaribu hedifoni kwa mwanamke wa Kimarekani mwenye piano, kwa sababu kaambiwa ndivyo hedifoni zinavyojaribiwa. Taarabu alirudi kuisikiliza kwenye redio ya jikoni.

U-ZI: uzi, nyuzi, waya, nyaya. Swali: "Waya wake ni wa nini?" Jibu la kawaida ni shaba, na jibu hilo humsononesha. Anataka wa fedha, uliosukwa njia nane kama nywele za bibi harusi. Fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, hilo ni kweli, kwa asilimia chache. Sasa weka asilimia hizo kwenye mita mbili za waya ambao ukinzani wake wote haufiki omu moja au unaizidi kidogo, kisha mbele yake weka HD 600 yenye omu 300, uniambie nani kati yao anayeamua mambo. Katika majaribio ambayo msikilizaji haambiwi anasikia waya upi, wa U-ZI hupata nusu sahihi, nusu makosa, matokeo ambayo shilingi ikirushwa nayo inayapata. Husema jaribio lenyewe lilimtia wasiwasi.

Lakini mtafiti makini hutofautisha U-ZI wa anasa na U-ZI wa dhiki, na huyu wa pili ndiye bingwa wa kweli wa nyaya. Iyafoni zake zimekatika kwa ndani, pale waya unapoingia kwenye pini. Upande wa kulia umekufa. Hatupi. Anaushika waya kwa kidole gumba na cha shahada, anaukunja taratibu, anauzungusha robo, anasikiliza, anarudisha kidogo, na ghafla upande wa kulia unafufuka. Kuanzia hapo hapumui. Waya unafungwa kwa raba au gundi ya karatasi kwenye pembe ile ile, simu inalazwa mfukoni kama yai, na ukimpiga bega kumsalimia utasikia maneno ambayo gazeti hili halichapishi. Mtu huyu anasikia tofauti ya nyuzi mbili za pembe. Hakuna maabara itakayombishia. Na safari yake kwa fundi ni fupi: fundi anakata, anamenya, anachoma rangi juu ya waya kwa kiberiti ili risasi ishike, anaunga pini mpya, na bei yake haifiki hata ada ya posta ya ule waya wa fedha.

PA-KU-MU ni ngeli ya mahali. Pale, kule, mle. Swali: "Mpiga tumba yuko wapi?" Wa ngeli hii hasikilizi muziki, anapima kiwanja. Anataka gitaa la kati pale kushoto, tarumbeta kule nyuma, mwimbaji hapa mbele ya pua, na anataka umbali baina yao uwe mkubwa. Kwa hiyo anapenda hedifoni zilizo wazi mgongoni kama HD 800 ya mwaka 2009, ambayo viini vyake vya sauti ni vikubwa, milimita 56, na vimeegemezwa mbali na sikio. Wazi maana yake ni kwamba jirani anasikia kila kitu, kwa hiyo uwanja ni mpana kweli, unafika hadi sebuleni. Bahati mbaya ni kwamba hedifoni kwa asili huleta sauti mle ndani ya kichwa. Spika ya sebuleni huyafikia masikio yote mawili, ikagonga mabega, ikazunguka ndewe. Hedifoni huruka hatua hizo zote, na ubongo ukikosa alama hizo unahitimisha kwamba bendi imehamia kwenye fuvu.

Kuna dawa moja ya ngeli hii nayo ni kali. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa HMV. Stirio ya madukani ilikuwa bado miaka 30 mbele. Mpe wa PA-KU-MU rekodi hizo na hedifoni zake za bei mbaya. Atatafuta kushoto, hamna, kulia, hamna, kule nyuma, hakuna kule. Udi, fidla na sauti ya Siti vyote vimesimama mahali pamoja, katikati ya masikio mawili, kama watu wa nyumba moja waliokimbilia chini ya mwavuli. Ndivyo mono, yaani sauti ya njia moja, inavyokuwa kwenye hedifoni. Kanda nyingi za bendi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Nilimpa mmoja, alizivua baada ya dakika moja akasema rekodi ina hitilafu.

Mtu hakai ngeli moja maisha yote. Njia iliyozoeleka ni kuanzia LI-YA ukiwa na miaka ishirini, kuhamia KI-VI ukipata ajira, kukimbilia I-ZI ukishashtuka kuhusu pesa, na kutumbukia U ukishachoka na grafu. U-ZI wa anasa hutokea baada ya kupandishwa cheo. Nimekutana na mtu wa Muscat, Mswahili wa Pemba kwa babu zake, aliyepitia zote kwa miaka minne, na sasa anasema amerudi kwenye zile za dola 20. Akasema hizi ndizo za mwisho.

Imebaki KU, ngeli ya vitenzi: kununua, kuuza, kusikiliza. Wa kuuza huuliza: "Unaziachia kwa ngapi?" Ndiye uti wa mgongo wa uchumi huu. Hedifoni yake haipiti miezi mitatu mkononi, na maelezo yake ni yale yale: "imetumika kidogo sana, sababu ya kuuza ni kubadilisha". Wa kusikiliza ni adimu, na wakati wa utafiti nilimpata mmoja tu, fundi cherehani mtu mzima wa Magomeni. Nilimvisha HD 600 juu ya kofia yake, akakataa, akavua kofia, akazivaa upya. Nikamwekea wimbo wa bendi ya Sikinde. Mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani ambayo haikuwa na kitambaa. Hakuzisogeza kichwani, hakuomba kuongezewa sauti. Wimbo ulikwisha wote, pamoja na ule mwisho mrefu wa magitaa ambao wanahedifoni huukata. Akazivua, akanirudishia, nikasubiri swali lake la kwanza, kalamu mkononi.

"Huyu mpiga solo," akauliza, "bado yupo hai?"

Swali hilo halimo kwenye jedwali langu. Kwa hiyo nimemwondoa fundi kwenye matokeo, kama taratibu za utafiti zinavyoruhusu kwa data zilizopotoka.

Uchunguzi utaendelea fedha zikipatikana. Awamu ijayo inahitaji vifaa zaidi, hasa hedifoni za omu 250 kwenda juu. Mwenye HD 650 anayetaka kuziachia, mito yake iwe haijalala sana na kikasha chake kiwepo, tuonane tuzungumze bei. Nikizipata hizo, ndizo za mwisho.